Mkebe wa Kimea: Jinsi Pombe ya Nyumbani Ilivyopotea na Kurudi

Katika vijiji vyetu nani hajaona mama akitandaza ulezi uliolowekwa majini? Siku chache zikipita, mbegu zinatoa vimizizi vyeupe. Mama anazianika juani, anazisaga, na unga ule anauita kimea. Hakusoma kemia shuleni, lakini anajua kwamba pasipo kimea uji hubaki uji, haugeuki pombe. Ndugu zetu wa Katanga wanajua mzizi wa munkoyo, ambao ukipondwa na kutiwa katika uji wa mahindi huulegeza uji na kuutia utamu. Wa Kivu wanajua kukamua ndizi mbivu na kupata kasikisi. Maarifa hayo tuliyakuta nyumbani, wala hatukuyanunua dukani.

Leo twataka kuwasimulia habari za watu walioyapoteza maarifa ya namna hiyo, kisha wakayanunua tena ndani ya mkebe.

Katika maduka ya Uingereza, Marekani na Australia huuzwa mkebe wa bati wenye uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Ndani mna kitu kizito cha rangi ya kahawia, kinachovutika kama asali. Pamoja nacho huwekwa pakiti ndogo ya chachu na karatasi ya maelezo. Mwenye kununua huyeyusha asali ile katika maji ya moto, huongeza sukari kama kilo moja, hujaza maji baridi mpaka lita 23 hivi, hutia chachu, kisha hufunika chombo. Baada ya juma moja au zaidi kidogo, chachu imemaliza kazi yake. Hapo hutia pombe katika chupa pamoja na sukari kidogo sana, huziba, na kungoja majuma mawili au matatu mengine. Ndipo hunywa.

Mtu atauliza: nchi zile zina viwanda vikubwa vya bia. Kwa nini baba wa nyumba ajisumbue jikoni na mkebe? Na kama anataka kupika mwenyewe, kwa nini mama yake hakumfundisha kazi ya kimea? Maswali hayo ni mazuri. Jibu lake ni historia ndefu ya kodi na sheria, na ndani yake mna fundisho kwetu pia.

Zamani kila nyumba ilipika

Miaka mia saba iliyopita, kupika pombe katika Uingereza kulikuwa kazi ya wanawake, kama kwetu. Walitumia kimea cha shayiri. Pombe yao haikudumu. Baada ya siku chache iligeuka kuwa chungu. Kwa hiyo mama alipika leo, akatumia nyumbani, na iliyosalia akawauzia majirani. Fedha ile ilimsaidia kulisha watoto.

Monasteri nazo zilipika. Ramani maarufu ya monasteri ya Sankt Gallen, iliyochorwa karibu mwaka 820, inaonyesha mahali pa kupikia pombe kwa ajili ya watawa, kwa ajili ya wageni wakubwa, na kwa ajili ya maskini na mahujaji. Hata kabla ya hapo, Mtakatifu Benedikto aliandika katika Kanuni yake juu ya kipimo cha kinywaji. Angalipenda watawa wasinywe divai kabisa, lakini aliona kwamba si wote wawezao. Basi aliwawekea kipimo cha siku kiitwacho hemina, ambacho wataalamu hukikadiria kuwa kati ya robo na nusu ya lita. Tulishike neno hilo, kipimo, maana tutalirudia.

Karibu mwaka 1400 wafanya biashara waliotoka nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi walileta Uingereza bia iliyotiwa maua machungu yaitwayo hopi. Maua hayo huizuia bia isiharibike upesi. Jambo hilo laonekana dogo, lakini liligeuza mambo yote. Bia isiyoharibika yaweza kupikwa kwa mapipa mengi, ikawekwa, ikasafirishwa mbali. Kazi hiyo yataka vyombo vikubwa na mtaji. Wanaume wenye mali waliishika, na ilipofika mwaka 1600 wanawake wengi walikuwa wamekwisha kutolewa katika biashara hiyo. Waliendelea kupikia jamaa zao tu.

Kisha ikaja kodi. Tangu mwaka 1697 Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kimea, ikaiongeza mara kwa mara wakati wa vita. Mwandishi William Cobbett, aliyewatetea sana watu wa mashamba, alilalamika katika miaka ya 1820 kwamba wakati wa ujana wake wafanya kazi wa shambani walijipikia pombe nyumbani, na sasa wameacha. Alilaumu kodi ya kimea na ya hopi. Watu wamezoea kununua, alisema, na binti wanaolewa bila kujua kupika pombe wala kuoka mkate.

Mwaka 1880 waziri Gladstone aliifuta kodi ya kimea, akaweka kodi juu ya bia yenyewe. Ilionekana kuwa nafuu. Lakini sheria ile ile ilimtaka mwenye kupika nyumbani awe na leseni ya Serikali. Basi mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo ukasukumwa ukakaribia kufungwa. Wajukuu wa wanawake wale wa zamani hawakujua tena kimea kinavyotengenezwa.

Ndani ya mkebe mna nini?

Kabla ya kuendelea, tueleze kitu kile kilichomo ndani ya mkebe, ili tusije tukadhani ni dawa ya uchawi.

Katika punje ya nafaka mna wanga. Chachu haiwezi kula wanga, hula sukari. Punje inapoota, hujitengenezea vitu vya kuugeuza wanga kuwa sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Ndiyo maana mama huotesha ulezi. Kiwandani hufanya vivyo hivyo kwa shayiri: huloweka, huotesha, hukausha, huponda, kisha hutia katika maji ya moto ya kama digrii 65. Wanga hugeuka sukari. Maji yale matamu huchujwa, mara nyingi huchemshwa pamoja na hopi, halafu hupunguzwa maji yake mpaka yawe mazito kama asali. Hiyo ndiyo asali ya kimea. Kazi ya mama ya siku nyingi imekwisha kufanywa na mtu mwingine, na kufungwa katika bati.

Na ile pakiti ya chachu? Zamani watu waliiona chachu kama povu tu. Louis Pasteur, Mfaransa, alionyesha kwamba ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia na magonjwa yake. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika kiwanda cha Carlsberg huko Denmark, alifaulu kukuza chachu safi iliyotoka katika chembe moja tu. Tangu hapo iliwezekana kuwa na chachu isiyochanganyika na uchafu uletao uchachu mbaya.

Hapo kwanza asali ya kimea haikuwa kitu cha walevi. Katika Uingereza iliuzwa katika maduka ya dawa, mara nyingi imechanganywa na mafuta ya maini ya samaki, ili kuwatia nguvu watoto dhaifu. Waokaji wa mikate waliitumia pia. Aliyeugeuza mkebe ule kuwa chombo cha kupikia pombe katika nyumba nyingi alikuwa mtunga sheria wa Marekani, aliyetaka kuiondoa pombe duniani.

Miaka 13 ya Marufuku

Tusiwahukumu upesi watu wale. Katika miji ya Marekani wanawake wengi walikuwa wameona mshahara wa juma ukimezwa katika baa jioni moja, na mume akirudi bila fedha, mkono ukiwa mwepesi kupiga. Mwaka 1874 wanawake Wakristu walianzisha umoja wa kupinga ulevi, wakafanya kazi kwa bidii miaka mingi. Kilio chao kilikuwa cha kweli. Nani kati yetu hajakisikia kilio hicho katika kijiji chake?

Mwishowe Katiba ya Marekani iliongezwa kifungu cha 18, nacho kikaanza kutumika tarehe 17 Januari 1920. Kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo kulikatazwa katika nchi nzima. Sheria ya Volstead ilisema kwamba kinywaji chenye kileo cha nusu katika mia, au zaidi, ni kileo. Divai ya Misa iliachwa. Maji ya matunda ya nyumbani yaliachiwa nafasi, na wenye zabibu walijua kuitumia. Bia ya nyumbani haikupewa nafasi yoyote.

Viwanda vya bia vilifungwa kwa mamia. Vingine vilitafuta kazi mpya, kama kutengeneza barafu, soda na chachu ya mikate. Na baadhi yao, kama Anheuser-Busch wa St. Louis na Pabst wa Milwaukee, waliuza asali ya kimea katika mikebe. Kwenye karatasi ya mkebe iliandikwa kwamba yafaa kwa kuoka mikate na keki. Mikebe iliuzwa kwa mamilioni. Kila mtu alifahamu kwamba Wamarekani hawakuanza ghafula kula mikate mingi kiasi hicho. Hata maduka yalitokea yaliyouza pamoja mikebe, hopi, chupa, vizibo na mipira ya kuvutia maji.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa ya ajabu. Kuuza mkebe kulikuwa halali. Kuununua halali. Kuuyeyusha katika maji halali. Lakini mtu akitia chachu na kuacha ichache mpaka iwe bia, amekuwa mvunja sheria. Kosa zima lilikuwa katika ile pakiti ndogo na siku chache za kungoja.

Pombe yenyewe haikuwa nzuri. Watu hawakuwa na mwalimu. Walitia sukari nyingi ili iwe kali, wakatumia chachu ya mikate, wakaitia katika chupa kabla haijaacha kuchacha. Usiku chupa zilipasuka chini ya nyumba kwa kishindo. Tena jambo baya kuliko ladha: watoto waliwaona wazazi wao, watu wa heshima, wakificha chombo majirani wanapobisha hodi. Mtoto anayeona hivyo hujifunza kwamba sheria ni kitu cha kuchezewa.

Na hao walikuwa wenye bahati. Wengine walinunua pombe kali ya magendo. Serikali ilikuwa imeagiza sumu itiwe katika spiriti ya viwandani ili isinywewe. Wezi waliiiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza, na watu walikufa. Mwaka 1930 dawa ya tangawizi iliyokuwa na kileo kingi, nayo imechanganywa na sumu, ililemaza miguu ya maelfu ya watu, hasa maskini ambao hawakuweza kununua kitu bora.

Ni kweli kwamba katika miaka ile ya kwanza watu walikunywa kidogo kuliko zamani. Twapaswa kusema hivyo kwa haki. Lakini sheria iliyotaka kuwaokoa maskini iliwaacha mikononi mwa wauza sumu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha zamani kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila ubaya. Hukataza yale makubwa, hasa yanayowadhuru wengine, ambayo watu wengi wanaweza kuyaepuka. Ukimtwika mtu dhaifu mzigo wa mtu imara, atautupa mzigo wote njiani.

Tarehe 5 Desemba 1933 Marufuku ilifutwa. Baadaye divai ya nyumbani iliruhusiwa. Bia ya nyumbani haikutajwa. Basi kwa miaka 45 mingine Mmarekani aliyepika bia jikoni mwake alikuwa bado mvunja sheria, ingawa bia ya kiwandani ilijaa dukani.

Milango inafunguliwa

Uingereza ilitangulia kufungua. Mwezi wa Aprili 1963 Waziri wa Fedha, Reginald Maudling, aliifuta leseni ile ya mwaka 1880. Kila mtu aliruhusiwa kupika nyumbani kwake, bila kodi na bila ruhusa, kwa sharti moja: asiuze. Mwaka ule ule C. J. J. Berry, aliyekuwa akiwafundisha watu kutengeneza divai ya matunda nyumbani, alitoa kitabu juu ya bia. Baadaye mikebe ilienea madukani, hata katika maduka ya dawa ya Boots. Mfanya kazi wa kiwandani aliona faida mara moja, maana bia ya baa ina kodi ndani ya bei yake, nayo ya mkebe ilimgharimu kidogo sana.

Lakini bia nyingi za mikebe ile ya kwanza zilikuwa nyepesi na zenye ladha ya sukari. Mkebe ulikuwa umemrudishia mtu kazi ya mwisho tu, si kazi nzima. Alijua kuyeyusha na kungoja, hakujua shayiri. Ndipo walitokea watu waliotaka kurudi mpaka kwenye punje. Mwaka 1974 Dave Line alitoa kitabu kinachoeleza jinsi mtu wa kawaida, kwa vyombo vya jikoni, aweza kuponda kimea, kukitia katika maji ya moto na kupata utamu wake mwenyewe. Mambo ambayo wanawake wa Uingereza waliyajua bila kitabu, wajukuu wao waliyasoma kwa kalamu mkononi.

Katika Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria mpya tarehe 14 Oktoba 1978. Mtu mzima mmoja aliruhusiwa kupika galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kwa matumizi ya nyumbani, bila kuuza. Kukeneka pombe kali hakukuruhusiwa. Majimbo yalibaki na uhuru wa kukataza, nayo Alabama na Mississippi yalikuwa ya mwisho kuruhusu, mwaka 2013.

Mwaka ule wa 1978 mwalimu mmoja wa shule huko Colorado, Charlie Papazian, pamoja na rafiki yake, alianzisha chama cha wapikaji wa nyumbani. Mwaka 1984 kitabu chake kilienea sana, kikamwongoza mgeni wa kazi kutoka mkebe mpaka punje, hatua kwa hatua. Wakati sheria ile ilipotiwa sahihi, Marekani nzima ilikuwa na makampuni ya bia chini ya 100. Siku hizi viwanda vyake, vikubwa na vidogo, vimepita 9,000, na wengi walioanzisha vile vidogo walianza jikoni mwao. Ken Grossman, kwa mfano, aliuza vyombo vya kupikia nyumbani katika mji wa Chico, kisha mwaka 1980 akaanzisha kiwanda cha Sierra Nevada. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tutazame kipimo. Galoni 100 kwa mwaka ni lita 378, yaani kama lita moja kwa siku. Mtakatifu Benedikto, kama tulivyoona, alikuwa mkali zaidi! Lakini wote wawili walifanya jambo moja: hawakumwambia mtu mzima kwamba hawezi kujitawala, wala hawakumwacha bila mpaka. Sheria ya 1920 ilikosa kipimo, ikazaa maficho. Sheria za 1963 na 1978 ziliweka masharti machache yanayoeleweka, na mtu aliweza kupika mlango ukiwa wazi, mbele ya mke wake na watoto wake.

Hata hivyo sheria nzuri haimalizi kazi. Hakuna askari anayesimama jikoni kuhesabu vikombe. Pombe ya mkebe hulevya sawasawa na ya kiwandani, na mtoto wa mlevi analala njaa hata kama pombe ilipikwa kwa ruhusa. Kipimo cha mwisho kimo moyoni mwa anayekunywa. Wanawake wale wa Marekani waliona ugonjwa vizuri, walikosea dawa. Tukiucheka ukosefu wao na kusahau kilio chao, sisi ndio wajinga.

Pili, tutazame maarifa. Waingereza hawakuyapoteza maarifa ya kimea kwa siku moja. Kodi iliwachosha, kiwanda kiliwarahisishia, leseni iliwatisha, na mabinti wakaacha kutazama mikono ya mama zao. Kuyapata tena kulihitaji mkebe, vitabu, vyama na miaka mingi. Kwetu wako bado wazee wanaojua siku ya kuanika ulezi kwa kuutazama tu, wanaojua mzizi wa munkoyo uliokomaa, wanaojua kwa harufu kwamba chombo hakikuoshwa vema. Hawatadumu milele. Mwenye mama wa namna hiyo akae karibu naye siku atakapotandaza mbegu zake, amwulize kwa heshima kwa nini anafanya hivi na si vile, na ayaandike atakayoambiwa. Hata asiyekunywa kabisa aweza kuyahifadhi, maana maarifa hayalevyi.

Na siku chungu kitakapofunuliwa, kila mtu apewe kiasi chake, mgeni asisahauliwe, na chakula cha watoto kiwe kimekwisha kununuliwa kwanza.